Mama Mkwe Sebuleni

Alhamisi, 19 Novemba 2009

Kompyuta imeingia ndani. Idrisa kaja nayo mchana kwenye gari la hoteli, yeye na dereva mwenzake, wakaipandisha ngazi taratibu kama wanabeba mgonjwa. Kisanduku, kioo chenye kisogo kirefu, kamera ya kubandika juu, na waya za kutosha kufungia mbuzi. Kauziwa na Mfilipino wa kazini anayerudi kwao.

Meza yangu ya cherehani ndiyo imekuwa meza ya kompyuta. Cherehani iko jikoni sakafuni, karibu na mtungi wa gesi. Hakuniuliza. Kitu alichoniuliza ni kimoja tu: kile kitambaa cheupe nilichofuma mwaka jana kiko wapi? Anataka kuifunika, isiingie vumbi.

Na AC. Kompyuta inataka baridi, anasema. Nilipokuwa na mimba ya Fafa, Julai, Doha inachemka, AC ya nyumba hii ilikuwa inazimwa ipumzike. Leo inanguruma tangu mchana kwa ajili ya bati.

Usiiguse, kaniambia. Usije ukafuta kitu. Nifute nini? Yenyewe si ndiyo kwanza imeingia.

Fafa anairukia na kucheka. Ana miaka miwili na ushei, hana habari.

Ijumaa, 20 Novemba 2009

Kumbe mambo yalishapangwa. Shemeji yangu wa Unguja, mdogo wake Idrisa, naye kamwekea mama yao kompyuta pale Kikwajuni, na modemu ya kuchomeka. Idrisa karudi msikitini, hata kanzu hajavua, kakaa kwenye meza YANGU, kabonyeza bonyeza — na Bi Arafa huyo, sebuleni kwangu! Kichwa na mabega, kanga ya kisutu, miwani.

Nikamwamkia. Sauti inachelewa, kwa hiyo marahaba yake ilifika nimeshakata tamaa. Kisha akaanza ukaguzi. Pazia hilo jeusi la msiba? Mtoto mbona kifua wazi na baridi yote hiyo? Na hizo nguo juu ya kochi ni za kufuliwa au za kuvaliwa? Idrisa kashika kamera mkononi, waya wake mrefu unaburuzika, anamzungusha nyumba nzima, mpaka jikoni, mpaka kwenye ndoo yangu ya taka.

Kisha: "Yuwapi somo wangu?"

Somo wake ni Fafa. Jina lake la kwenye cheti ni Arafa, kapewa la bibi yake. Mimi ndiye niliyemkatisha akawa Fafa, na hilo sijasamehewa mpaka leo.

Miaka minne ya ndoa namshukuru Mungu kwa maji yaliyopo baina ya Doha na Unguja. Leo nimeona hayatoshi.

Ijumaa, 27 Novemba 2009

Sikukuu. Tumekula tukitazamwa. Idrisa kageuza kioo kielekee mkekani, Bi Arafa kakaa pale juu kama mgeni rasmi. Nililetewa amri nisogeze sahani karibu na kamera. Nikasogeza. Akavua miwani, akaivaa tena. "Pilau hiyo ya Bara," kasema, basi. Mimi ni mtu wa Muheza, sijawahi kuificha asili yangu, na pilau yangu hapa mtaani Bin Mahmoud watu wanaiulizia mlango kwa mlango.

Wairimu alikuwepo. Mkenya wa ghorofa ya juu, mlinzi kwenye duka kubwa, Mkristo lakini sikukuu zetu hazimpiti. Bi Arafa akauliza, huyo nani tena, mtumishi? Wairimu akacheka mpaka akapaliwa. Akasema, "Shosh," ndivyo kwao wanavyomwita bibi, "mi ni jirani tu, nimekuja kula." Mimi sikucheka. Idrisa alikuwa anapunguza sauti ya spika, anajifanya inakoroma.

Mkono wa sikukuu Fafa kaomba kwenye kioo. Kaweka kiganja chake pale, kangoja. Bi Arafa akalia. Na mimi nikaona nina mwanamke anayelia sebuleni kwangu, wala siwezi kumpa hata maji. Nikachukia.

Jumatano, 2 Desemba 2009

Leo nimeelewa kompyuta imeletwa kufanya kazi gani.

Bi Arafa kasema mbele yangu, polepole, kama mtu anayeagiza sukari dukani: mniletee somo wangu. Mtoto wa kwanza hulelewa na bibi mzaa baba, ndivyo walivyo kwao. Aje aingie chuo, aijue Kurani, ajue adabu, aseme Kiswahili cha watu. Zamani ningekuonea huruma, kaniambia, maana mtoto akienda kweli alikuwa amekwenda. Lakini sasa si mtamwona kila siku? Atakaa hapa, kwenye kiti hiki hiki, na nyinyi mtakaa hapo.

Nikamtazama Idrisa. Nikangoja aseme neno. Akakuna shingo. "Tutazungumza, Bi Arafa."

Tutazungumza! Alipoizima nikamwambia, hakuna cha kuzungumza, mwanangu haendi popote. Akanijibu kwa ile sauti ya upole anayowasemeshea wageni wa hoteli. Kwani tatizo liko wapi, Mama Fafa? Itakuwa kama yuko chumba cha pili.

Chumba cha pili. Mtoto akilia chumba cha pili nakwenda namnyanyua. Akiwa na homa nalala naye kifuani. Hiyo kompyuta itamnyanyua?

Nimesonga ugali mgumu makusudi. Kaumaliza, kaniambia ahsante. Nimezidi kukasirika.

Jumatatu, 7 Desemba 2009

Nilikwenda Muaither kumpelekea Umm Hamad jalabia zake za harusi ya binti yake. Nimezishona nimekaa chini jikoni kama fundi viatu, mgongo haunyooki. Yeye ni Mqatari, mama wa makamo, mcheshi, na Kiarabu changu kibovu anakivumilia.

Kwenye kabati la vioo, baina ya vikombe vya kahawa na vyetezo, nikaona kibodi nene ya zamani yenye herufi za Kiarabu. Nikauliza. Akafurahi kuulizwa. Ni Sakhr, kasema, kompyuta. Baba yake aliinunua yeye akiwa msichana wa shule, nyumba ya kwanza kuwa nayo mtaani kwao. Haikuwa na kioo chake, ilichomekwa kwenye televisheni ya familia. Watoto wa jirani walijaa mpaka uani. Baba yao akawa anajisifu: sasa wanangu watatulia nyumbani.

Wakatulia kweli. Ila mama yao hakuiona tena televisheni yake. Akitaka kipindi chake anaambiwa ngoja, ngoja kidogo. Aliichukia kompyuta ile mpaka anaingia kaburini, Umm Hamad anasimulia huku anacheka.

Tukiwa hapo hapo laptopu yake ikalia. Mwanawe kaandika anataka juisi. Yuko wapi? Nikafikiri labda London. Akaonyesha dari kwa kidole. Yuko juu! Kijakazi akapanda na juisi. Kila chumba kina yake siku hizi, kasema Umm Hamad, hatugombani tena.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa namuwaza yule mama yake marehemu. Tungeelewana.

Ijumaa, 11 Desemba 2009

Unguja hakuna umeme! Waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara umekufa, kisiwa chote kiko gizani tangu jana, na hakuna anayejua lini. Idrisa hajaiweka simu chini tangu asubuhi. Bi Arafa ana maji? Ana mafuta ya taa? Nani anampandishia ndoo?

Nimemhurumia, sitaki kujisemea uongo humu. Ni mtu mzima na magoti yanamsumbua. Lakini kuna ngoma inapigwa kifuani mwangu na siwezi kuizuia. Kumbe umeme nao wanaletewa kutoka Bara.

Kompyuta nimeifunika mwenyewe. Kitambaa nikakinyoosha pembe zote nne.

Jumamosi, 19 Desemba 2009

Bado giza Unguja. Sebule yangu imepumua. Leo nimekaa kochini miguu juu, kichwa wazi, nimekula embe kwa mikono.

Ila Idrisa. Bi Arafa hayupo kwenye kioo, sasa mwenyewe anacheza karata. Karata na kompyuta! Peke yake, mgongo kwetu. Zamani alikuwa anarudi na visa vya wageni wa hoteli, huyu kasahau pasipoti, yule kagombana na mkewe ndani ya gari, mimi nakaanga samaki nacheka mpaka mafuta yananirukia. Leo nimemwita chakula tayari, kanijibu, ngoja kidogo.

Ngoja kidogo. Mama yake Umm Hamad alisikia maneno hayo hayo, kwa Kiarabu.

Ijumaa, 8 Januari 2010

Naandika jikoni, bado nina moto.

Wairimu aliomba aitumie kompyuta, aongee na mwanawe. Idrisa akakubali upesi, anapenda kuionyesha. Kaja mchana moja kwa moja kutoka kanisani Mesaimeer, huku Wakristo nao husali Ijumaa, na nguo zake za ibada, kapaka na lipstiki. Mama yake Nakuru alikuwa ameshafika saiba, duka la intaneti, na mtoto. Mtoto anaitwa Trevor. Wairimu alimwacha anajifunza kusimama, sasa yuko darasa la kwanza.

Nilikuwa nyuma yao na sinia la chai. Bibi anamsukuma mtoto mbele: "Salimia mum." Trevor kajificha kwenye sweta la bibi yake. Wairimu akamwita majina yote matamu, baba, daktari wangu, akamwonyesha viatu alivyomnunulia, vya taa. Mtoto akachungulia kidogo. Kisha akamwuliza bibi yake, wala hakunong'ona: "Shosho, huyu aunty anamaliza saa ngapi? Nataka kuenda kucheza."

Wairimu akacheka. "Nenda ucheze, baba. Nenda tu."

Alikuja kunisaidia vyombo. Akashika kikombe kimoja, akakifuta, akakifuta. "Unajua mi sikumtupa, Mama Fafa. Simu kila wiki. Saa zingine mara mbili. Yaani sijawai miss. Shida sio kuongea." Nikakichukua kikombe mkononi mwake, nikamwambia akae.

Idrisa aliyaona yote. Wairimu alipopanda kwake nikamwuliza, umesikia? Akasema, Wakenya hawawafundishi watoto heshima, Bi Arafa hawezi kumwacha Fafa aseme vile.

Sijamsemesha tena. Chakula nimekifunika mezani, akifuate kwa miguu yake.

Jumapili, 31 Januari 2010

Nilijua raha haidumu. Shemeji kanunua jenereta.

Bi Arafa karudi kwenye kioo. Amepungua, mashavu yameingia ndani. Nyuma yake linanguruma kama mashine ya kusaga, kwa hiyo anasema kwa kupiga kelele na sisi tunajibu kwa kupiga kelele, majirani wote wa ngazi hii sasa wanajua habari zetu. Mafuta ni ya kupimia, kaeleza, haongei sana. Na kweli hakuongea sana. Kamtazama Fafa anavyochora ukutani, kamtazama tu. Kisha akauliza swali moja: "Mmeshazungumza?"

Idrisa akasema, "Bado kidogo."

Mimi nikasema, tumeshazungumza. Sauti yangu ilifika au haikufika, sijui. Jenereta lile.

Jumatano, 10 Februari 2010

Likizo ya Idrisa imetoka. Anakwenda kwao, awahi Maulidi. Na Fafa anakwenda naye.

Mwezi mmoja tu, anasema. Akamwone bibi yake, kuna ubaya gani? Nikasema twende wote. Akasema umeahidi watu nguo za harusi, utawaangusha. Tangu lini Idrisa anazijali nguo zangu? Cherehani yangu inanuka vitunguu kwa sababu yake.

Nikamwuliza, tiketi ya Fafa ina kurudi? Akavua saa, akaiweka mezani, akaivaa tena. Akasema, tutaona huko huko.

Pasipoti ya mtoto iko kwenye mkoba wake wa kazini. Nimeutafuta, kaondoka nao.

Nilelewe mimi na bibi, na mwanangu pia? Nimekaa jikoni nimelia mpaka Fafa kaniletea kitambaa cha meza nijifute. Namchukia Idrisa leo. Naandika hivyo hivyo, namchukia, na ile sauti yake ya upole ndiyo naichukia kupita vyote.

Jumatatu, 22 Februari 2010

Nimefanya kosa. Ee Mola, kosa gani hili.

Mchana Idrisa alikuwa anaongea na mama yake, wanapanga safari, nani atampokea. Simu ya hoteli ikampigia, kuna mgeni mkubwa uwanja wa ndege, dereva kaumwa. Akaaga mbio mbio, akachukua funguo, akatoka. Bi Arafa kabaki kwenye kioo anaita, "Idrisa? Idrisa?" Mimi kuifunga sijui. Nimeambiwa nisiguse, sijagusa tangu Novemba. Nikafanya ninachomwona Idrisa anafanya kila akimaliza: nikachukua kitambaa, nikaifunika yote, kioo na kamera na spika. Kimya. Nikajua ameshaondoka.

Wairimu akashuka, alikuwa na ofu. Tukakaa pale pale kochini na chai. Akauliza, imefika wapi hii maneno ya mtoi, ya Fafa kupelekwa Unguja? Basi nikafunguka. Nikasema kizee kile kimekaa kwangu kama mwenye nyumba, hakilipi hata umeme. Nikasema uso wake unanitokea mpaka kwenye pilau. Nilisema na mengine, siyaandiki.

Kisha nikamwambia Wairimu jambo ambalo hata Idrisa sijamwambia. Kwamba mama yangu alinipeleka kwa bibi Muheza sijaota meno, na akija kunitazama naambiwa kamsalimie mgeni. Kwamba siku ya maziko yake watu walinishika huku na huku nisianguke, na mimi nilikuwa nimesimama vizuri tu. Nilikuwa nayatafuta machozi. Nilimlilia kama unavyomlilia jirani mwema. Nikamwambia Wairimu, sitaki Fafa anililie hivyo.

Wairimu alikuwa ameshika mkono wangu. Halafu, chini ya kitambaa, mtu akakohoa.

Tuliruka wote wawili. Wairimu ndiye aliyekivuta kitambaa. Kioo kinawaka. Bi Arafa amekaa pale pale alipokuwa, miwani mkononi, jenereta, walilolihamishia uani, linasikika kwa mbali. Shemeji alikuwa katoka kutafuta mafuta na yeye kuifunga hajui, kama mimi.

Alitazama tu. Wairimu akavuta waya ukutani.

Jumanne, 23 Februari 2010

Idrisa hajaniambia kitu. Anapanga sanduku, anapiga mluzi. Kwa hiyo hajaambiwa. Kwa nini hajaambiwa? Ningekuwa mimi ningesema siku ile ile, na kuongeza chumvi.

Sijala. Wairimu kapita asubuhi akienda kazini, kauliza, "Ameshasema?" Nikatikisa kichwa. Akasema hiyo ndiyo mbaya, heri apige kelele.

Saa za alasiri Idrisa kaja na simu sikioni, kaishusha. "Bi Arafa anataka kuongea na wewe kesho. Kwenye kompyuta. Peke yako, kasema." Anatabasamu, maskini. Anadhani tunapatana.

Nimekunja nguo za Fafa kwa sababu nimeambiwa nizikunje. Gauni la njano bado lina doa la embe. Sikulifua tena.

Jumatano, 24 Februari 2010

Wanaondoka kesho. Naandika haraka, jikoni, kitabu kiko juu ya cherehani.

Mchana Fafa nilimpandisha kwa Wairimu. Idrisa kaniwashia, kampata mama yake, na kabla ya kwenda kwenye zamu yake ya mwisho ndiyo akanifundisha: ukimaliza bonyeza hapa. Miezi yote hii, leo ndiyo nimeruhusiwa kushika mausi.

Nikakaa. Nikamwamkia.

"Marahaba. Juzi mmenifunika kitambaa."

Nikainamisha kichwa.

"Kitambaa kizuri. Umefuma mwenyewe? Mie nilikuwa nakiona kwa ndani, cheupe, kama nimeshakufa nimevishwa sanda. Nikawa nasikiliza watu wanavyonisema." Jenereta likanguruma pale. "Kizee hakilipi umeme. Umeme wenyewe kina miezi hakijauona."

Nikasema nisamehe mama. Nilimaanisha nusu. Akapunga mkono, hayo kayapita.

"Idrisa nimemzaa, sikumlea," kasema. "Ulikuwa hujui. Hata mwaka hajatimiza, mama yake baba yake kaja kumchukua, kampeleka Makunduchi. N'kaambiwa si mbali, utamwona kila Ijumaa. Na kweli n'kimwona kila Ijumaa. N'kimpelekea na visheti. Aliporudi mjini kwa skuli ya juu, keshakuwa kijana, kaingia mlangoni kaniamkia: shikamoo, Bi Arafa. Basi ndo hivyo hadi leo. Hajaniita mama hata nilipolazwa."

Sikujua. Naapa sikujua. Siku zote nikidhani ni desturi ya watu wa visiwani.

"Watu wakanambia ngoja. Usilie, ngoja, zamu yako itakuja, utapewa mjukuu ulee mpaka uchoke. Hata yeye bibi yake Idrisa alikuwa kanyang'anywa wake. Nikangoja, Mwajuma. Imekuja zamu yangu, na wewe unataka ikatike hapa kwangu. Kwa nini isikatike kwa mwengine?"

Nilitaka kumchukia. Nilijikaza nimchukie, nikakumbuka pazia, pilau, ndoo ya taka. Nikaona tu mwanamke amebeba visheti kwenye kikapu Ijumaa, anakwenda kumsalimia mwanawe. Halafu nikakasirika upya, kwa sababu yeye anajua. Mama mkwe asiyejua ningemsamehe. Huyu anajua inavyouma, na bado mkono kaunyoosha.

Nikamwambia hivyo. Nikasema, mama, wewe unajua. Akavua miwani.

"Nambie wewe mwenyewe," kasema. "Usinitumie Mkenya, usinitumie Idrisa. Ukisema hapana, ntamwambia mwanangu mie ndiye niliyekataa, magoti yangu hayawezi mtoto. Hatokugombeza. Lakini nambie huku unanitazama."

Nikamtazama. Nikamtazama machoni kabisa.

"Hunitazami."

"Nakutazama, mama."

"Hunitazami, Mwajuma. Umeinamisha macho."

Mpaka nikaelewa. Kamera iko juu, macho yake yako chini kwenye kioo. Nikimtazama yeye, yeye ananiona nimeinama. Nikitaka anione namtazama, sharti nitazame kile kitobo cheusi, na yeye nisimwone kabisa. Miezi yote hii, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumtazama mwenziwe.

Nikainua macho kwenye kitobo. Nikasema kwa sauti ile ile ninayomwambia Fafa asiguse jiko: "Mama, Fafa simtoi. Nisamehe au usinisamehe, simtoi."

Niliposhusha macho, picha ilikuwa imesimama. Mdomo wake umefunguka kidogo, mkono uko njiani kwenda kwenye kanga. Jenereta halisikiki. Mafuta yameisha kabla sijasema, au nilipokuwa nasema, au baada. Nikaita. Nikabonyeza pale nilipoonyeshwa, nikaita tena. Kisha nikaenda chumbani.

Idrisa karudi sasa hivi. Kauliza vipi, mmeongea vizuri? Nikasema tumeongea. Kompyuta imekataa kumpata mama yake, kwa hiyo kachukua simu ya mkononi, yuko sebuleni anapiga. Nasikia Fafa naye anashuka ngazi na Wairimu, anahesabu vibaya, moja, mbili, nne.

Kapatikana. "Haloo, Bi Arafa? ... Enhe. ... Enhe." Upande wa pili siusikii. Yeye anasikiliza tu, na Idrisa si mtu wa kusikiliza muda mrefu hivi. "Nani kasema hivyo?"

Sasa anatembea.

Sanduku liko palepale mlangoni, limefungwa zipu, halijui kuwa ni jepesi. Nguo za Fafa nimeshazirudisha kabatini, zote, na viatu. Ananiita kwa jina langu, si Mama Fafa. Aje huku jikoni.